SHOKOMZOBA HAIBEBI MZIGO

Wengi wetu hatuna gari, lakini hakuna hata mmoja wetu asiyetegemea gari. Mchuma chai hupelekwa shambani juu ya trela la trekta. Mfanyakazi wa kiwandani hurudi nyumbani usiku kwa lori la zamu. Unga tunaokula na ndizi tunazopika huja sokoni kwa pikapu. Gari likiyumba, wa kwanza kumwagika ni sisi. Kwa sababu hiyo safari hii tumeona yafaa kuzungumza habari ya chuma ambacho watu wengi hukilaumu na wachache hukifahamu, yaani shokomzoba, ambayo mafundi wengine huiita shokapu, pamoja na jirani yake springi. Tutazungumza hasa juu ya gari linalovuta trela, kwa kuwa hapo ndipo makosa huwa mengi na hasara huwa kubwa.

Habari yenyewe tuliipata katika njia ya Mbarara na Nakivale, kusini-magharibi ya Uganda.

NJIA NA WATU WAKE

Nakivale ni makazi ya wakimbizi katika Wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Yalifunguliwa mwaka 1958 kupokea wakimbizi kutoka Rwanda, na tangu hapo hayajafungwa. Leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha ambazo watu hao husikilizana kwazo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kusafiri ndani ya nchi. Kwa hiyo wako wanaolima vishamba vyao, wako wanaofanya vibarua katika mashamba ya ndizi ya Isingiro, na wako wanaochukua mazao kwenda kuuza Mbarara.

Miongoni mwa hao wa mwisho tuliwakuta watu watano walioungana kununua pikapu kuukuu ya tani moja. Dereva wao ni mtu wa Kivu aliyekuwa akiendesha malori kwao kabla ya vita kumhamisha. Fedha zilitoka katika akiba yao ya kila wiki, na trela waliliundisha kwa mafundi wa kuchomelea wa Mbarara. Kwa miezi mingi kazi ilikwenda vyema. Walikuwa wakitoka makazini kwa barabara ya murram, wakishika lami, wakiuza mahindi na maharage mjini, kisha wakirudi na bidhaa za dukani au bila mzigo kabisa.

MTEREMKO

Siku ya tukio walipakia katika trela magunia 10 ya mahindi, kila moja kilo 100. Ili iwe rahisi kupakua sokoni, waliyarundika upande wa mlango, yaani nyuma ya magurudumu ya trela. Juu ya pikapu yenyewe waliweka magunia 6 mengine, na vijana wawili wakakaa juu yake. Ndani walikuwa dereva na wenzake wawili.

Murram yote waliipita salama, isipokuwa gari lilikuwa likirukaruka kuliko kawaida. Walipoingia kwenye lami na kuuanza mteremko, mwendo ukaongezeka na trela likaanza kucheza mkia. Lilikwenda kushoto, likarudi kulia, na kila mara likavuta zaidi, mpaka nyuma ya pikapu nayo ikaanza kuhama. Dereva wetu ni mtu mzima katika kazi hiyo. Hakukanyaga breki kwa ghafula wala hakupigana na usukani. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani sawasawa, akaacha mwendo upungue wenyewe. Trela likatulia. Lakini kijana mmoja alikuwa amekwisha kurushwa barabarani. Mungu alisaidia hapakuwa na gari nyuma yao. Alivunjika mkono, na kwa wiki kadhaa hakuweza kushika jembe wala gunia. Gharama ya matibabu ilitoka katika ile ile akiba.

Baada ya tukio wakakaa kikao, na uamuzi ukawa mmoja: shokomzoba ndizo mbaya, zinunuliwe zenye nguvu kuliko zote. Muuza vipuri mmoja alikwisha kuwaambia kwamba anazo za kubeba tani mbili. Wakachanga fedha zilizobaki. Kwa bahati njema, kabla ya kulipa walipita kwa fundi mmoja mzee wa Mbarara, mtu wa makamo ya babu yetu, aliyezeekea chini ya magari. Sisi tulikuwapo siku hiyo.

"Shikamoo mzee," dereva alisema. "Tunataka utufungie shokomzoba za kubeba mzigo."

"Marahaba, mwanangu. Lakini shokomzoba haibebi mzigo."

"Muuzaji amesema zinabeba."

"Muuzaji anauza. Njoo uone."

Pikapu ilikuwa imesimama na magunia yake juu. Mzee akazuia magurudumu kwa mawe, akaingia chini, akafungua shokomzoba ya nyuma upande wa kulia, akaitoa na kuiweka juu ya gunia tupu. Kisha akatuambia tutazame. Gari halikushuka hata upana wa kidole. Mzigo wote ulikuwa umekaa juu ya springi kama ulivyokuwa mwanzo.

"Anayebeba ni springi," akasema. "Shokomzoba kazi yake ni kumwambia springi: basi, sasa tulia."

KAZI YA KILA KIUNGO

Maneno hayo machache ndiyo msingi wa habari yote, kwa hiyo tuyafafanue.

Springi hubonyea gurudumu linapokutana na shimo au tuta, kisha hurudi. Kama hakuna wa kuizuia, itabonyea na kurudi mara nyingi, na gari litaruka kama mpira. Shokomzoba ndiyo inayozuia. Ndani yake mna pistoni yenye matundu madogo, inayokwenda juu na chini katika mafuta. Mafuta yanapolazimishwa kupita katika matundu hayo, mwendo wa springi hugeuka kuwa joto, na joto hutoka kupitia ganda la nje. Shokomzoba njema, basi, ni ile inayoweza kuumeza mwendo mwingi na kulitoa joto lake bila kuchoka.

Hapo ndipo murram inapotutesa. Barabara iliyojikunja mbavu hupiga gurudumu mara nyingi kwa kila sekunde. Mafuta huchemka ndani, hewa huchanganyika nayo, na povu likishapatikana pistoni hukosa kitu cha kuizuia. Ndiyo maana gari huanza safari likiwa tulivu, na baada ya mwendo mrefu wa murram likaanza kucheza.

Mzee alimpa dereva ile shokomzoba aliyoitoa, akamwambia aivute na kuisukuma kwa mikono. Ilikwenda na kurudi kama pampu ya baiskeli isiyo na ngozi. Shokomzoba zima hukataa, hasa unapoivuta. Kwa hiyo shokomzoba za pikapu hii zilikuwa zimekufa kweli, na kuruka kwake kwenye murram kulitokana na hizo. Hata hivyo mzee alisema kwamba hata zingekuwa mpya, trela lile lingecheza mkia vile vile, maana ugonjwa wa pili ulikuwa mahali pengine.

ULIMI WA TRELA

Trela la ekseli moja ni kama mizani. Sehemu ya uzito wake hukalia magurudumu yake, na sehemu ndogo hukalia kiungo cha kuvutia nyuma ya pikapu. Uzito huo wa kiungoni tutauita uzito wa ulimi. Kanuni inayotumiwa na mafundi wa nchi nyingi ni kwamba ulimi ubebe baina ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela na mzigo wake. Ukipungua mno, trela hucheza mkia mwendo unapozidi. Ukizidi mno, nyuma ya gari huzama.

Trela la ndugu zetu tupu lina kilo 350. Ukiongeza magunia 10, ni kilo 1,350. Ulimi ulipasa kubeba kati ya kilo 135 na 200 hivi. Mzee aliagiza mzigo urudishwe kama ulivyokuwa siku ya ajali, akauning'iniza ulimi katika mizani ya sokoni ya kupimia magunia. Badala ya kuikaza mizani, ulimi ulielea. Mtu mmoja aliweza kuunyanyua kwa mkono. Mzigo ulikuwa nyuma mno, na hapo ndipo mkia ulipoanzia.

Magunia yakasogezwa mbele, mengi yao yakawa mbele ya ekseli ya trela. Mizani ikasoma kilo 180. Hapo trela likawa salama, na kazi hiyo haikuwagharimu hata shilingi moja.

Lakini kilo 180 hizo nazo lazima zihesabiwe, na hapa wengi wetu hudanganyika tukisema mzigo wa trela hubebwa na trela. Pikapu ya tani moja maana yake ni kwamba watu, mzigo na ulimi kwa pamoja visizidi kilo 1,000. Hebu tuhesabu siku ya ajali kama ulimi ungekuwa sawa. Magunia 6 juu ya pikapu ni kilo 600. Ulimi ni kilo 180, jumla 780. Dereva na wenzake wawili, kwa kilo 70 kila mmoja, ni 210, jumla 990. Vijana wawili juu ya magunia ni 140, jumla 1,130. Gari limezidishiwa kilo 130, wala hakuna aliyejua.

Tena kuna jambo jingine. Kiungo cha kuvutia kiko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo ekseli hiyo huwa kama nguzo ya bembea ya watoto: ukikandamiza nyuma, mbele hunyanyuka. Katika pikapu hii, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 300, na kutoka ekseli ya nyuma hadi kiungoni ni sentimita 120. Chukua 180, zidisha kwa 120, gawanya kwa 300, unapata 72. Maana yake magurudumu ya mbele yamepunguziwa kilo 72, na ekseli ya nyuma imeongezewa zile 180 pamoja na 72, yaani kilo 252. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinashika kidogo, na taa zinamulika miti badala ya barabara. Dereva anayesema "leo usukani hauna uzito" asidharauliwe. Anawaambieni habari ya mizani.

KUCHAGUA SHOKOMZOBA

Baada ya mizani ndipo mzee alipokubali kuzungumza habari ya kununua. Alitueleza aina nne, nasi tunaziweka hapa kwa faida ya wote.

Aina ya kwanza ni ya mafuta matupu yenye ganda mbili, moja ndani ya nyingine. Ni ya bei nafuu na huvumilia kupigwa na jiwe, maana pistoni iko katika ganda la ndani. Udhaifu wake ni kuchemka na kutoa povu upesi.

Aina ya pili pia ina ganda mbili, lakini imeongezwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo dogo. Gesi hiyo huyakandamiza mafuta yasitoe povu haraka. Kwa pikapu inayovuta trela katika murram kwa mwendo wa wastani, mzee aliona hii ndiyo inayofaa zaidi kwa mfuko wa mtu wa kawaida. Alishauri ichaguliwe yenye pistoni pana na mafuta mengi kuliko ile ya kiwandani, maana mafuta mengi hukawia kuchemka.

Aina ya tatu ina ganda moja tu na gesi ya shinikizo kubwa. Hii hutoa joto vizuri kupita zote, kwa sababu ganda lenye mafuta linaguswa na upepo moja kwa moja. Lakini pistoni husugua ganda hilo hilo, kwa hiyo jiwe moja likilibonyeza, pistoni hukwama na shokomzoba imekwisha. Atakayeinunua kwa njia za mawe aifungie kinga.

Aina ya nne ni ile iliyovalishwa springi au mfuko wa hewa juu yake, ambayo huuzwa kwa jina la kubeba mzigo. Hiyo ndiyo iliyowavutia ndugu zetu. Ni kweli itanyanyua nyuma ya gari kidogo. Lakini itaunyanyua mzigo kwa kupitia mabano ya shokomzoba kwenye chesisi, ambayo hayakutengenezwa kubeba uzito. Yalitengenezwa kuzuia mwendo tu. Katika barabara mbovu mabano hayo hupasuka.

Iwe aina yoyote, zinunuliwe mbili mbili kwa ekseli moja, wala si upande mmoja peke yake. Urefu wake upimwe gari likiwa limebonyea kabisa na likiwa limenyanyuliwa kabisa. Ikiwa fupi itakatika shimoni, na ikiwa ndefu itagonga mwisho wake kwenye tuta na kuvunja vali zake.

KUHUSU SPRINGI

Pikapu nyingi za kazi zina springi za nyuma zilizofanywa kwa mabamba ya chuma yaliyolaliana. Ufundi huu ni wa siku za magari ya farasi. Mwingereza mmoja, Obadiah Elliott, alipata hataza ya springi za namna hiyo mwaka 1804. Mabamba husaidiana kama watu wanaobeba jeneza: akiongezwa mtu mmoja, kila mmoja hupunguziwa.

Kuongeza bamba moja la unene ule ule juu ya mabamba manne huongeza ugumu kwa robo hivi. Lakini unene wa bamba ni jambo jingine kabisa. Bamba la milimita 10 halizidi la milimita 8 kwa robo, bali ugumu wake hukaribia kuwa mara mbili. Fundi anayechomeka bamba la lori kubwa katika pikapu ndogo hajui kwamba ameifanya nyuma ya gari kuwa kama jiwe. Gari hilo likiwa tupu, magurudumu hurukaruka bila kushika barabara, breki hukosa kazi, chesisi huanza nyufa, na mgongo wa dereva hulipia yaliyobaki.

Kuongeza bamba kunafaa pale gari linapobeba mzigo ule ule kila siku, na mzigo huo uko ndani ya kiwango cha gari. Kama mzigo hubadilika, leo mzito na kesho hakuna, mifuko ya mpira ya hewa inayowekwa baina ya ekseli na chesisi hufaa zaidi, maana hujazwa na kupunguzwa. Lakini yahitaji mtu wa kuiangalia kila asubuhi, kwa kuwa mwiba mmoja huimaliza.

Bamba lililovunjika lisichomelewe. Moto wa kuchomelea huondoa ugumu uliotiwa katika chuma kiwandani, nalo litavunjika tena kando ya ile ile alama. Na kila springi zinapofunguliwa, zile bolti zenye umbo la herufi U zinazoshika springi na ekseli ziwekwe mpya, kisha zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo.

Jambo la mwisho katika sehemu hii halijulikani sana. Pikapu nyingi zina vali ya breki karibu na ekseli ya nyuma, iliyounganishwa na ekseli hiyo kwa kifimbo. Nyuma ya gari ikishuka, vali hujua kuna mzigo, ikaruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu. Nyuma ikinyanyuka, hudhani gari ni tupu, ikapunguza breki. Ukifunga springi za kunyanyua gari na usirekebishe kifimbo hicho, gari litakuwa na mzigo mzima na breki za gari tupu. Fundi asiyelijua hilo asiguse springi zako.

WALICHOFANYA

Dereva na wenzake walikaa tena kikao, safari hii chini ya mti nje ya karakana. Mmoja wao alisema fedha zimechangwa kwa ajili ya shokomzoba, basi zinunuliwe tu zile za tani mbili. Dereva akamjibu kwa upole, "Kaka, mkono uliovunjika haukuvunjwa na shokomzoba. Uliovunja ni upakiaji wetu." Hapo pakawa kimya, kisha wakakubaliana.

Kwanza walibadilisha bamba moja la springi lililokuwa limekatika bila wao kujua, pamoja na bushi zilizolika. Pili, walinunua shokomzoba nne za ganda mbili zenye gesi, mbele na nyuma. Tatu, hawakuongeza bamba, kwa sababu gari hurudi tupu mara nyingi, na mzigo ukihesabiwa vyema unatosha kwa springi zilizopo. Nne, fedha zilizobaki walizitumia kwa trela lenyewe: bushi, taa za nyuma, na minyororo miwili ya usalama iliyopishana chini ya ulimi, ili kiungo kikifunguka ulimi usichimbe barabara.

Magunia juu ya pikapu yakapunguzwa kutoka 6 hadi 5, yakasogezwa mbele karibu na kabini. Na juu ya mzigo hapandi mtu tena. Sasa piga hesabu: magunia 500, ulimi 180, watu watatu 210, jumla kilo 890. Wamepoteza nauli ya gunia moja kwa safari. Lakini huyo kijana wa mkono uliovunjika ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono.

HAYA YANATUHUSUJE

Msomaji wa mashamba ya chai ya Bushenyi au wa viwanda vya Mbarara anaweza kusema kwamba gari si lake, ni la mwajiri. Ni kweli. Lakini tofauti ni hii: wale watano wa Nakivale walikuwa na haki ya kukaa chini ya mti na kuamua. Sisi tunaopanda lori la kampuni mara nyingi hatuulizwi. Springi huongezwa mabamba ili lori lichukue zaidi, na waliomo ndani yake hawaambiwi kwamba breki na ekseli ni zile zile za zamani. Basi na ijulikane wazi: springi mpya hazipandishi kiwango cha gari. Kiwango ni kile kilichoandikwa na kiwanda, nacho hufuata breki, ekseli, tairi na chesisi kwa pamoja. Gari gumu hubeba uzito wa haramu bila kuonekana limezama, na hiyo ndiyo hatari yake.

Tena mtikisiko wenyewe ni maradhi ya kazi. Nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliweka kanuni mwaka 2002 zinazopima mtikisiko anaoupata mfanyakazi kwa zamu ya saa 8, na kumtaka mwajiri achukue hatua ukizidi. Madereva wa trekta na malori wanaolalamika migongo si wavivu. Shokomzoba iliyokufa ni suala la afya kama vile vumbi la kiwandani.

Sheria iko upande wetu kwa sehemu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema asiadhibiwe mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu kwa sababu za msingi. Na mwaka 2022 shirika hilo liliiweka kazi yenye usalama na afya katika haki za msingi. Lakini sheria haiingii chini ya gari. Anayeingia ni mtu. Kwa hiyo tunashauri kila tawi limchague mwanachama mmoja atakayeandamana na dereva kukagua, walau mara moja kwa mwezi, mambo haya:

1. Je, shokomzoba zinavuja mafuta? Unyevu mdogo wa vumbi si neno. Mafuta yanayotiririka ni ugonjwa.

2. Kwa gari dogo, bonyeza kona moja kwa nguvu uachie. Likiruka zaidi ya mara mbili, shokomzoba imechoka.

3. Kwa lori, baada ya safari ya murram, karibisha mkono pole pole bila kushika. Zote ziwe na joto. Iliyo baridi peke yake haifanyi kazi.

4. Je, kuna bamba la springi lililokatika au lililohama, au bolti ya U iliyolegea? Chuma kilichosuguana huacha vumbi jekundu.

5. Je, tairi zimelika mabonde mabonde? Hiyo ni alama ya gurudumu linaloruka.

6. Je, mzigo wa trela uko mbele ya ekseli yake zaidi kuliko nyuma, na minyororo imefungwa?

7. Je, kuna watu juu ya mzigo? Kama wapo, gari lisiondoke.

Majibu yaandikwe katika daftari yenye tarehe na sahihi ya dereva. Daftari hiyo ndiyo ushahidi wenu siku mwajiri atakaposema hakuambiwa.

Madereva wa Uganda walianza kuungana katika chama chao tangu mwaka 1938, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Hawakungoja kupewa ruhusa ya kujali maisha yao. Nasi tusingoje ajali itufundishe hesabu ya kilo 180.

Tulipokuwa tukiagana na mzee wa karakana, dereva alimshukuru kwa kumwokolea fedha. Mzee akafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, akasema, "Fedha si kitu. Mimi nimewaambieni tu nani anabeba." Ndugu wafanyakazi, katika gari anayebeba ni springi. Katika kazi, tunaobeba ni sisi. Basi tuwe na sauti katika kupakia.

Umoja ni nguvu.